Sifa za Namba ya LUKU

Wengine na wawasifu wafalme. Mimi naisifu namba ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ile ya tarakimu 20 inayoingia kwenye simu nyumba ikiwa giza na mbu wa Chita, hapa kwetu chini ya milima ya Udzungwa, wakiwa kazini.

Nianze na ukubwa wake. Walioibuni waliipa biti 66, kila moja ikiwa 0 au 1, hivyo namba zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 66, yaani 73,786,976,294,838,206,464. Ukitaka kuipa kila moja punje ya mchele, mavuno ya dunia nzima ya miaka elfu mbili hayatoshi, sembuse ya Bonde la Kilombero. Na ukubwa wote huo bibi wa Chita anaubonyeza kwa kidole kimoja, akitafuta umeme wa shilingi elfu mbili. Mfalme gani amewahi kumhudumia maskini kwa fahari kama hiyo?

Tena ina adabu. Kwa kuwa kikomo chake kinaanza na 7, namba hii haianzi kamwe na 8 wala 9. Sifuri ikitangulia nayo hupewa heshima yake: iruke uone kama mita itakuelewa.

Uaminifu wake ndio usiseme. Ndani yake imebeba uniti zako na dakika uliyonunua, ikafungwa kwa ufunguo wa mita moja tu. Jirani akiiba haimfai. Wewe mwenyewe ukiirudia inakukataa. Ni ndoa ngapi pale Ifakara zenye msimamo huo?

Ni mwalimu pia. Dakika zake zilihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi zilikuwa 16,777,216 tu. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo shirika la umeme, TANESCO, lilitutaka tuingize mafungu matatu kwa mpigo, tarakimu 60, ili mita zianze hesabu upya. Taifa zima lilifanya zoezi moja la hesabu, na aliyekosea alijisahihisha mwenyewe gizani.

Wasio na shukrani hunung'unika: maji ya Mto Kihansi yanaporomoka kutoka Udzungwa hii hii, mitambo yake ya megawati 180 inazunguka tangu mwaka 2000, mbona sisi wa chini ya mlima tunadaiwa fumbo refu namna hii ili taa iwake? Hawajui haki. Tajiri wa Masaki naye anabonyeza 20, hapunguziwi hata moja. Kwa barabara hatulingani naye, kwa hospitali hatulingani. Mbele ya mita tumelingana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iheshimu. Nunua mapema na uinakili kwenye karatasi, maana namba kubwa kuliko zote utakazowahi kumiliki haisomeki kwenye simu iliyozimika.