Mwongozo kwa Mwenye Duara Anayetaka Kuongoza Kama Manju

Ukiwa na duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Mwakitolyo, elewa kwanza kwamba walioko shimoni hawakutii kwa namna karani anavyomtii meneja wa benki. Wewe unatoa chakula, magogo ya kujengea shimo, mafuta ya jenereta na pampu ya maji. Wao wanatoa mikono. Mshahara hakuna. Kuna mgao, na mgao unasubiri siku mbale, yale mawe yenye dhahabu, zitakapopanda juu zikiwa kwenye mifuko. Huenda ikawa wiki ijayo, huenda ikawa baada ya masika, na huenda isifike kabisa. Katikati ya kusubiri huko, simu ikilia kutoka Geita kwamba kuna duara limetema dhahabu na rashi ya watu kulikimbilia imeanza, kijana wako mwenye nguvu kuliko wote anakunja godoro lake na kuondoka. Ukimfokea ndiyo kwanza umempa nauli.

Kwa sababu hiyo vitabu vingi vya uongozi havikufai. Vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeweza kukata mshahara. Wewe unahitaji mwalimu aliyezoea kuongoza watu walio huru kumwacha saa yoyote, na mwalimu huyo yupo Usukuma tangu enzi za mababu. Ni manju wa ngoma, mwimbishaji anayeongoza kikundi.

Basi anza hivi. Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya mwezi wa sita na wa nane, simamisha kazi siku moja uende na watu wako kwenye mashindano ya ngoma. Vikundi vya ngoma vya Wasukuma vimegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Bagika na Bagalu, kwa kufuata waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Pande hizo hukabiliana kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na watazamaji wako huru kusimama watakako. Wakikuchoka wanavuka kwenda kwa mwenzako. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi, na hakuna mahali pa kukata rufaa.

Ukifika hapo, wachezaji waangalie kidogo tu. Mtazame manju, hasa macho yake. Nyimbo kaja nazo na mazoezi kafanya, lakini akiona watu wa nyuma wameanza kugeuza shingo, anakatisha ubeti, anamsifu mzee aliyesimama mbele, anawachokoza wapinzani kwa jambo lililotokea dakika hiyo hiyo, au anampisha mwenye chatu aingie uwanjani. Hasubiri kikao cha tathmini. Habari ya kwamba mambo yanaharibika anaisoma kwenye nyuso za watu na kuijibu kabla wimbo haujaisha. Kama mashindano ya jirani yamekupita, panda gari hadi Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Makumbusho ya Wasukuma ya hapo yaliasisiwa na padri Mkanada, David Clement, aliyetambua mapema kwamba uwanja wa ngoma ni shule.

Watu wa mbali waliifikia elimu hii kwa njia yao. Huko Chicago, mwanamke aitwaye Viola Spolin alijifunza kwa Neva Boyd, mwalimu wa michezo katika kituo cha Hull House. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alifanya kazi katika mradi wa serikali uliokutanisha watoto wa wahamiaji kutoka mataifa mbalimbali, akawatungia michezo ya kuigiza papo kwa papo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha ukumbi wa The Second City mwaka 1959, na baadaye ukumbi huo ukawa unafundisha pia makampuni, kwa ada, namna ya kusikilizana kazini. Nawapenda watoto wale wa Chicago kwa sababu nawaona kwenye duara. Hapa utamkuta Msukuma wa Solwa, Mha wa Kasulu, Mkurya wa Tarime na Mnyamwezi wa Tabora wameshika kamba moja. Kiswahili wanacho wote. Miaka ya kujuana hawana, na mchezo unawapa kwa asubuhi moja kile ambacho ujirani ungewapa kwa miaka mingi.

Hata hapa nchini mbinu hii imeshafanyiwa kazi. Mnamo 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, huku huku Usukumani. Hawakuja na tamthilia mkononi. Waliwauliza wanakijiji shida zao, shida hizo zikageuzwa kuwa igizo na ngoma, kisha watu wakajadiliana walichokiona. Na waliowahi kuhudhuria maonyesho ya vikundi vya Muungano au Tanzania One Theatre wanakumbuka vichekesho ambavyo waigizaji walivikuza jukwaani bila mswada, wakifuata kicheko cha ukumbi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba haya ni mambo ya hoteli za Dar es Salaam.

Sasa turudi shimoni. Zoezi kubwa kuliko yote, lifanye hata kama mengine yatakushinda, ni kupokea kisha kuongeza. Mara nyingi mazungumzo kwenye maduara huenda hivi:

"Bosi, ukuta wa kushoto unalia."

"Chimba, acha woga."

Hapo umeua maneno mawili kwa pigo moja, la leo na la kesho, maana kesho kijana huyo ataona ufa na kunyamaza. Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Calgary, Kanada, alilieleza vizuri jambo hili katika kitabu chake *Impro* cha mwaka 1979: kila anachosema mwigizaji mwenzako ni zawadi uliyopewa, na ni juu yako kuipokea au kuiziba. Mwigizaji anayeziba anaharibu onyesho. Mwenye duara anayeziba anaweza kuzika watu. Jaribu tena:

"Bosi, ukuta wa kushoto unalia."

"Unalia, ehee. Tangu saa ngapi, mdogo wangu?"

"Tangu tulipotoa mfuko wa tatu."

"Basi pandeni wote, tukae tusikilize."

Wapo watakaosema ukipokea kila neno utaendeshwa na kila mtu. Hapana. Unapokea kwamba mwenzako ameona kitu, halafu unaongeza hatua ya kukipima. Kijana akija asubuhi akisema ameota dhahabu iko upande wa mashariki, usimcheke na usihamishe shimo. Mwambie, "Sawa, umeota. Tena leo tutachukua kipande cha upande huo, tukisage, tukioshe kwenye karai, wote tuangalie." Karai litasema lisemalo. Ndoto imeheshimiwa, mafuta ya jenereta yamebaki, na mwotaji ameosha mwamba kwa uangalifu ambao hukuwahi kuuona kwake.

Wafanyishe zoezi hilo kwa hadithi. Wakae mviringo, wa kwanza aanze: "Jana mfuko mmoja ulipotea njiani kwenda kalasha," kwenye mashine ya kusaga mawe. Wa pili adake, "Sawa, tena…" aongeze sentensi moja, na wa tatu vivyo hivyo hadi mzunguko uishe. Watacheka, na wacheke. Lakini sikiliza vizuri mfuko huo unapopitia mikononi mwa watu wa kubuni, kwa sababu katika kicheko hicho utaambiwa mambo ambayo kikao cha nidhamu kisingeyatoa kamwe. Ukiambiwa, usiruke kumkamata mtu. Ukitumia mchezo kama mtego hata mara moja, hawatacheza tena, na watakuwa na haki.

Kiti nacho ni zoezi. Karibu kila mwenye duara ana kiti chake cha plastiki kivulini, nao wengine wako juu ya ndoo, mawe na magunia. Johnstone aliwafundisha waigizaji kwamba ukubwa na udogo wa mtu huonekana katika anavyokaa na anavyotazama, na kwamba mtu anaweza kujifunza kupanda na kushuka kwa makusudi. Basi shuka. Asubuhi moja kwa juma, mpe kiti hicho mama ntilie anayewapikia, wewe keti kwenye ndoo, umuulize, "Mama, juma hili umeona nini?" Kisha funga mdomo. Anajua nani hajagusa ugali kwa siku mbili, nani anakohoa usiku, nani amelipa madeni yote ghafla kama mtu anayejiandaa kusafiri. Wanawake wanaoponda mawe na kuosha marudio, yaani mabaki ya mbale zilizosagwa, wameona mengi kuhusu mbale zako kuliko broka anayekusifia. Nalisema hili kwa uzito: machimbo mengi yanapoteza maarifa kila siku kwa sababu wenye maarifa hayo hawajawahi kuulizwa.

Utani utumie, unao bure. Misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma kwenda pwani katika karne ya 19 iliacha utani na makabila ya njiani, na mtani ana ruhusa ya kusema ukweli mbele ya mkubwa bila kuvunja heshima. Kwenye duara chagua mtani wa kikundi, umpe dakika zake kila mkutano akuige: unavyotembea, unavyoahidi, unavyopokea simu za wadai. Bosi asiyeweza kukaa hapo akacheka na watu wake hawezi kusikia habari mbaya kutoka kwao.

Yapo mambo ambayo hayaigizwi, na hapa sitaki mchezo hata kidogo. Magogo ya kushikilia shimo hayabuniwi papo kwa papo. Baruti haibuniwi, hewa ya chini haibahatishwi, na zebaki haichomwi jikoni. Mwezi Oktoba 2015 shimo la Nyangalata, wilayani Kahama, liliporomoka, na wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41 ardhini. Watu hupenda kukisimulia kisa hicho kama muujiza wa ustahimilivu, na ni kweli walistahimili. Mimi kinanifundisha kwamba siku ya kwanza ndiyo iliyohitaji kiongozi. Manju naye usidhani anajitungia tu. Kabla ya msimu kikundi kimekaa mazoezini, kila mpigaji anajua ngoma yake, kila mchezaji anajua nafasi yake, na ndipo manju anapata uhuru wa kubadili wimbo katikati. Ukitaka kubadilisha mpango saa nane mchana bila kumuumiza mtu, kamba, kofia, magogo na zamu za kushuka viwe vimeshazoeleka hadi mtu avifanye akiwa usingizini.

Mizani vilevile. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, na kodi ya ongezeko la thamani kuondolewa kwa wachimbaji wadogo mwaka huo huo, mwenye duara hana sababu ya kuuza gizani. Chukua wawili kati ya watu wako muende pamoja sokoni, waone gramu kwa macho yao na waje kuwasimulia wenzao. Hesabu ya mgao itajwe mbele ya wote, kwa sauti, kabla mfuko wa kwanza haujabebwa.

Mazoezi haya yafanyike asubuhi baada ya chai, kabla ya zamu ya kwanza kushuka, kwa muda wa robo saa. Usiyafanye siku ya mgao, watu wana haraka, wala siku ya msiba. Anayekataa kucheza mwache akae pembeni aangalie. Simu zizimwe, ya kwako ikiwa ya kwanza. Na juma la kwanza usiseme lolote kuhusu dhahabu. Uliza tu, pokea, ongeza, na uandike kwenye daftari kila ulichoambiwa pamoja na jina la aliyekwambia, ili ukikifanyia kazi umtaje mbele ya wenzake.