Mwongozo wa Kuimaliza Mirathi Kabla Haijagawanywa

Hatua ya kwanza ni ya marehemu mwenyewe, na huifanya angali mzima: asiandike wosia. Akiulizwa, ajibu kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Watoto wakimsumbua sana, basi aandike, ila iwe siri. Sheria ya mila ya Tanzania, iliyotangazwa 1963, inataka hata wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na ule wa maandishi nao una mashahidi wake. Yeye atie saini peke yake chumbani, auweke chini ya godoro, na pale RITA wanapotunza wosia asipite hata mlangoni. Akiwa Mwislamu, amwandikie kitinda mimba nyumba nzima, asahau kwamba wosia hauvuki theluthi na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Karatasi ya namna hiyo haigawi hata kijiko, lakini kwa kugombanisha haina mfano.

Haya, amezikwa. Msingoje arobaini. Turubai likiwa bado limesimama, shangazi mmoja aingie chumbani kwa mjane kutafuta kitambulisho, atoke na bahasha ya kaki. Msibani kwetu Magomeni haikuwa bahasha, lilikuwa begi la ngozi la kufungua kwa namba. Lilivunjwa kwa bisibisi ya fundi spika. Ndani mlikuwa na risiti za maji za miaka tisa, meno ya bandia na hati ya kiwanja. Hati iligombewa mpaka ikachanika pembe. Meno hadi leo hayana mdai.

Sasa kikao cha ukoo. Mwenyekiti awe baba mdogo ambaye mara ya mwisho kuonana na marehemu ilikuwa harusini, tena alikuja kula. Muhtasari uandikwe kwenye karatasi ya katikati ya daftari la mtoto, na kwenye orodha ya warithi yule kijana wa nje asahaulike, ingawa ndiye aliyemlaza marehemu hospitali. (Atajitokeza mwenyewe mahakamani na pingamizi, msiwe na wasiwasi.) Mjane akae mkekani asiulizwe kitu. Akifungua mdomo, aambiwe kimila yeye atatunzwa na wanawe, basi. Wapo wajane wawili Tanzania waliolibishia jambo hilo: Mahakama Kuu, mwaka 2006, ikakiri kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi lakini ikasita kuifuta, nao wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, iliyowapa haki 2015. Hayo yasisomwe kikaoni. Yatachelewesha pilau.

Msimamizi wa mirathi mchagueni mwenye gari. Aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wenu, na siku atakayoshika barua ya usimamizi, neno “msimamizi” alisome “mwenyewe”. Kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kilichobaki, hiyo kazi wafanye wasio na shughuli. Kanuni zinamdai ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, kisha hesabu kwenye fomu namba 6. Nilipomuuliza msimamizi wetu kuhusu fomu faivu, alinijibu kwamba yeye aliishia fomu foo.

Kodi za wapangaji ziingie kwenye simu yake. Mwenye kuhoji aambiwe ana haraka ya kuuza jasho la baba.

Kesi ikirefuka, tazameni Kenya mpate moyo: Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri, alifariki 1981, na ugomvi wa mali yake ukavuka miaka thelathini. Sisi na nyumba yetu ya vyumba sita na warithi tisa tuko mwaka wa saba, bado wachanga. Vyumba viwili vya mbele vina kufuli mbilimbili, moja ya upande wa shangazi na moja ya upande wa mama mdogo, kwa hiyo haviingiliki. Bati la uani limeoza. Anayekaa ni mama ntilie mmoja, mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye ndiye anayenunua umeme, na kwa kuwa siku hizi kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ndiye anayetulipia na kodi ya jengo. Juzi alinipigia. Amenunua mabati manne mapya kwa hela yake, anauliza risiti aandikishe jina la nani.