Waya wa Plagi Mbili

Mama mkwe wangu ana friza ya samaki, na friza hiyo ndiyo inayosomesha wajukuu zake wawili. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini siku ile umeme ulipokatika alasiri hakuna aliyekaa kitako. Ndani mlikuwa na changu, vibua na pweza wa oda ya harusi, na joto la Tanga mwezi wa pili halimsubiri mtu.

Magharibi akaingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na jenereta ya kilowati mbili na nusu juu ya guta. Aliiazima kazini. Ni kijana mwenye moyo. Akisikia mama yake ana shida, halali. Lakini ekstensheni hakuleta, na friza iko ukumbi wa nyuma. Akachukua kipande cha waya kilichobaki tulipofunga feni, akafunga plagi huku na plagi huku.

“Shemeji, hii naichomeka kwenye soketi ya barazani tu, nyumba nzima inawaka. Saiti wanafanya hivi kila siku.”

Nikamuuliza kama amezima meni swichi.

“Umeme wenyewe haupo, nizime nini?”

Sijamjibu, ameshavuta kamba.

Nyumba ikawaka. Watoto wakashangilia, mama mkwe akainua mikono kumwombea mwanawe. Mara jenereta ikaanza kukoroma, taa zikafifia zikawa nyekundu, na kutoka upande wa pili wa ua ikaja sauti ya jirani yetu, fundi umeme mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Babu: “Zimeni! Zimeni hiyo mashine!”

Mzee yule magoti yanamsumbua, lakini alikuja mbio. Balbu ya sebuleni kwake ilikuwa imemeta, na ya nyumba ya pili vilevile, ilhali mtaa hauna umeme. Wengine waliona wakafurahi. Yeye alijua maana yake.

Shemeji akarukia soketi achomoe plagi. Babu akamdaka mkono. Jenereta kwanza, akasema, halafu ndiyo waya. Plagi ile ukiichomoa wakati jenereta inanguruma, unabaki umeshika vyuma vitupu vyenye volti 230, na kidole kimoja kikiteleza, basi.

Mashine ilipozimwa, Babu akatutoa wote hadi getini na kutuonyesha mwisho wa barabara. Gari la mafundi lilikuwa limesimama pale, na tochi ya mmoja wao ilikuwa juu ya nguzo.

Hapo ndipo nilipoelewa hasa. Transfoma ya mtaani hupokea volti 11,000 au hata 33,000, ikazishusha hadi 400 na 230 tunazotumia majumbani. Lakini transfoma haichagui upande. Ukiisukumia umeme kutoka nyumbani, inafanya kazi ileile kinyumenyume: volti 230 za jenereta ndogo zinapanda kuwa maelfu, na zinakwenda juu kwenye laini ambayo fundi anaamini imekufa. Ndiyo, mafundi wana utaratibu wa kupima laini na kuiunganisha na ardhi kabla ya kuigusa. Hata hivyo, hakuna mwenye haki ya kuuweka uhai wa mtu kwenye mtihani huo kwa sababu ya samaki.

Mama mkwe akakaa chini palepale getini. “Angekufa mtoto wa watu?”

“Angeweza kufa, mama,” Babu akamjibu. “Na sisi tungekuwa ndani tunakula.”

Na kama umeme ungerudi ghafla wakati ule, ungekutana na wa jenereta kwenye nyaya zetu. Jenereta ingeungua, na pengine nyumba pia.

Babu hakuwa amemaliza. Jenereta ilikuwa barazani, chini ya dirisha la chumba wanamolala watoto. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini kabla hajajua anaumwa. Tukaibeba hadi uani, hatua nyingi kutoka dirisha lolote (mita sita ndicho kiwango cha chini), bomba la moshi likitazama upande usio na nyumba. Babu akaleta ekstensheni yake nene, friza ikachomekwa moja kwa moja kwenye jenereta. Ilianza friza peke yake, maana mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Ilipotulia, ndipo tukaongeza taa moja. Birika na pasi, marufuku. Samaki walipona.

Baadaye mume wangu akaita fundi mwenye leseni ya EWURA, akatufungia chenjiova. Ni swichi yenye nafasi tatu: umeme wa shirika, sifuri, jenereta. Inakata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, na haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja hata ukitaka. Wapo wanaosema kuzima meni swichi kunatosha. Mimi sikubali. Kunategemea kumbukumbu ya mtu aliye gizani, mwenye haraka, na watoto wanalia. Chenjiova haihitaji kukumbuka. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayeizungusha siku hizi, na shemeji ndiye aliyelipa nusu ya gharama.

Kama nyumbani kwako kuna waya wa plagi mbili, au unajua ulipo kwa ndugu yako, ukate vipande leo. Na kama chenjiova bado hujaimudu, weka jenereta nje, chomeka friji yako kwa ekstensheni nene, na soketi za ukutani uziache kabisa.