Wazee Watulivu Wanatakiwa

Mwenye jengo letu aliwahi kuamini kwamba wazee hawana kelele. Alipomaliza kupaka rangi ghorofa yake hapa Illasit, alikuwa ameshachoshwa na vijana wa ploti yake nyingine, wale wa kulipa kodi kwa maneno matamu na kuhama saa nane za usiku na godoro kichwani. Akachukua kipande cha katoni, akaandika kwa mkono wake kwamba vyumba vipo na wastaafu watulivu watafikiriwa kwanza. Pensheni, aliwaambia wenzake kwenye kibanda cha chai, haijawahi kulewa ikavunja kioo.

Wastaafu tukaja. Leo sidhani kuna ploti mjini yenye kelele kama yetu.

Kelele huanza saa kumi na moja alfajiri, redio zinapofunguliwa. Kila mlango una redio na kila redio ina lugha yake: moja inahubiri, ya pili inataja bei ya nyanya, ya tatu inataja waliofariki. Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye sikio lake la kushoto lilistaafu kabla yake, huipandisha ya kwake mpaka ng'ombe wa jirani wanaitikia. Saa mbili usiku simu zote hulia kwa pamoja. Ni saa ya dawa za presha. Mgeni akiwa ndani hutafuta mlango akidhani kuna moto.

Mtu wa Nairobi atauliza: Kajiado Kusini kila mzee ana shamba, mnapanga ghorofani kutafuta nini? Kila mmoja ana jibu lake. Jirani yangu, ambaye tunamwita Konda kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kwenye mlango wa basi, alijenga nyumba ya mawe upande wa Kimana, akapanda nyanya na mahindi. Ndovu wa Amboseli wakaja usiku kuonja. Wakarudi na jamaa zao. Anasema angeyavumilia ya mahindi, lakini siku walipoegemea choo naye akiwa ndani, alfajiri alikuwa anafunga virago. Nesi alifuata stima, maana insulini yake inataka friji. Afande hataki shamba kwa sababu shamba halipigi saluti. Mzee wetu wa Iseuri, rika la Kimaasai, aliletwa na wanawe awe karibu na hospitali ya Loitokitok. Ng'ombe walibaki na kitinda mimba, na kila jioni mzee humpigia simu awahesabu mmoja mmoja kwa rangi. Mimi, Mwalimu, nina binti Kitengela na kijana Doha, na wote wawili waliamua kwa niaba yangu kwamba bibi wa miaka yangu hakai peke yake na mbwa.

Nasikia Ulaya na Marekani kuna majengo ya wazee ya kukusudia, yenye lifti, kengele ya dharura karibu na kitanda na mtu wa kuwafanyisha mazoezi ya viungo. Nairobi masista wa Kikatoliki wana Nyumba ya Wazee kwa wasio na uwezo. Sisi hatumo kule wala huku. Jengo letu ni la wazee kwa sababu ya kipande cha katoni, na fundi aliyelijenga hakuwa na habari kwamba goti huzeeka.

Ngazi hazikuwa na chuma cha kushikilia, na vidato vyake vilipimwa kwa hali ya moyo wa fundi siku hiyo: kimoja kifupi, kinachofuata unakipanda kama unaparamia lori. Konda ndiye aliyetupa namna ya kuishi nazo. Alizipa majina ya vituo vya njia ya basi: chini aliita Emali, ghorofa ya kwanza Kimana, na ya pili, tunakolala mimi na yeye, Loitokitok. Mtu akikwama baina ya Emali na Kimana husema gari limeharibika Isinet, na hapo mwenye nguvu hutoka na kiti. Kila Jumatatu Nesi huketi Kimana na kipimo chake cha presha, nasi hupanga foleni. Matokeo hutangazwa kwa sauti, hayana siri, na watu hushindana kwayo kama zamani wazazi walivyoshindana kwa alama za KCPE. Aliyepata mia na thelathini juu ya themanini hupita mbele ya kila mlango siku nzima akiuliza wenzake wameonaje.

Mita za stima ziko Emali, chini ya ngazi, gizani. Tokeni ina tarakimu ishirini. Kijana huibofya huku akitafuna, lakini kwetu ni kazi ya watu watatu: mmoja anashika tochi, mmoja anasoma, mmoja anabofya. Msomaji huwa Afande, na husoma kama anatoa namba ya gari lililoibwa. Anayebofya ni Mama Rombo, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Tarakea ya Tanzania, akaolewa huku, na akifika tarakimu ya kumi na tano humkumbuka mtu anayemdai. Wanaanza upya. Usiku mmoja walirudia mpaka mita ikawakatalia kabisa, ndipo ikagundulika kwamba tokeni ilikuwa ya mita ya jirani. Hao wawili hata hivyo hawapatani. Afande hupenda kugonga milango akiomba chumvi leo na kiberiti kesho. Akigonga kwa Mama Rombo, mama humpeleka dirishani, amwonyeshe Mlima Kilimanjaro, na kumsimulia kisa cha Wachaga: Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto kila mara wake ulipozimika, mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi akamtwanga, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka vile. Afande husikiliza hadi mwisho, husema kwamba kisheria hilo ni shambulio, kisha hupewa kiberiti.

Kuishi mpakani nako kuna gharama zake. Vyumba vinavyotazama Tarakea simu zake huvuka bila pasipoti. Mtu yuko bafuni Kenya, amejipaka sabuni, simu inamkaribisha Tanzania. Mzee wa Iseuri alihesabu ng'ombe zake kwa bei ya kimataifa kwa muda mrefu bila kujua, akidhani ni mwanawe anayemmalizia salio kwa kuzungumza polepole. Alipoelezwa, alihamishia hesabu yake kwenye ukumbi wangu, upande ambao simu hubaki nyumbani. Sasa nawajua ng'ombe wale kuliko nilivyowajua wanafunzi wangu. Yule mwekundu mwenye baka tumboni ni mtoro.

Habari ya maji inauma zaidi. Chemchemi za Nolturesh ziko huku kwetu, miguuni mwa Kilimanjaro, na bomba lake hukata mbuga yote ya Kajiado mpaka Kitengela, Athi River na Machakos. Binti yangu hunipigia akishangilia: "Mama, leo Nolturesh imetoka!" Mimi wakati huo niko kwenye kidato cha nne na mtungi wa lita tano, kwa sababu pampu ya kupandisha maji kwenye tenki la jengo inaumwa tangu mvua za mwaka jana. Maji yamefika Kitengela kabla hayajapanda ghorofa ya pili Illasit.

Umri ndani ya jengo letu hautulii. Konda ana miaka 58 akipita mjane. Alipokuja mtu wa chifu kuandikisha wazee wa Inua Jamii, ule mpango wa serikali unaowapa waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, Konda alikuwa na 71 na akaomba kiti. Kitambulisho kikamsaliti. Kwa Mzee wa Iseuri mambo yalikuwa kinyume. Aliulizwa tarehe ya kuzaliwa, akasema yeye alikuwa moran ule ukame wa 1961 ulipomaliza ng'ombe Kajiado na mafuriko yakaja kumalizia waliobaki; mwenye akili apige hesabu. Kijana wa chifu akasema kompyuta inataka siku na mwezi. Mzee akamtazama kwa huruma, akamwambia yeye mwenyewe hakuwa akiandika siku hiyo. Akapewa Januari mosi.

Lakini kesi iliyotikisa jengo ni ya mbuzi. Konda, mtu wa usafirishaji, alifunga ndoo kwenye kamba awe anaishusha kutoka Loitokitok hadi kwa mama mboga barabarani. Unatia pesa na orodha, ndoo inashuka; sukuma wiki, vitunguu na chenji vinapanda. Nauli ilikuwa kitunguu kimoja. Biashara ilinoga mpaka asubuhi moja Mama Rombo alipotia noti ya mia tano, ndoo ikatua wakati mama mboga ana mteja, na mbuzi wa Mzee wa Iseuri, aliyefungwa getini "kwa muda" tangu Pasaka, akatia kichwa. Akala orodha. Akala noti. Tulipiga kelele kutoka juu, naye akatutazama akitafuna bila haraka yoyote.

Baraza liliketi Kimana jioni hiyo. Afande alifungua daftari. Konda alijitetea kwamba mzigo husafiri kwa hasara ya mwenyewe, kama tiketi za basi zilivyosema siku zote. Mama mboga alisema yeye hakupokea kitu, na mashahidi ni nusu ya mji. Mzee wa Iseuri alisimama na fimbo yake, akasema mbuzi hana mfuko wala hajui pesa, na kwamba tukimwangalia vizuri, mbuzi ana mia tano tumboni, kwa hiyo bei yake imepanda. Yeye ndiye wa kuuliza nani atamlipa kodi ya kuihifadhi noti hiyo. Tulicheka mpaka Nesi akahofia presha zetu. Hukumu nikaombwa kuitoa mimi, na nikaamua kwamba Mama Rombo apewe kikombe cha maziwa ya mbuzi huyo kila asubuhi hadi deni liishe. Mzee alikubali mara moja, tena kwa upole uliotutia shaka.

Alfajiri Mama Rombo akashuka na kikombe. Mbuzi alikuwa beberu.

Baraza zima, tukiwa na miwani isiyopungua saba baina yetu, hakuna aliyekuwa ameangalia. Mwishowe maziwa yalitoka kwa yule mwekundu mtoro, yakaletwa na bodaboda, na mbuzi akapelekwa nyumbani. Ndoo bado inafanya kazi, ila sasa ina kifuniko.

Si wote wanaopenda maisha haya. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu na mkewe walihama kwa sababu ya redio, wakarudi shambani. Wanasema ndovu angalau hawaji kila siku. Hata mimi kuna siku natamani kupika nyama bila ghorofa tatu kujua ni ya mbuzi au ya ng'ombe, na kama mgeni ni wa kulala. Nesi ndiye aliyejaribu kwingine kwa dhati. Mwanawe alimpeleka Kitengela, kwenye jengo jipya karibu na barabara ya Namanga, ghorofa ya nne. Maji ya moto yalikuwepo, kamera getini, taa usiku kucha, na ngazi zenye vyuma vinavyong'aa. Alivisifu vyote. Kisha akapatwa na homa, akalala siku tatu, na mtu pekee aliyegonga mlango alikuwa msomaji wa mita ya maji. Akarudi na Probox iliyojaa magunia. Hapa hakuwa amefika Isinet kabla ya kuulizwa na watu wanne alilipa nauli ngapi, mbona amekonda, na ile mashine ya presha ameiacha wapi. Aliwajibu wote kwa hasira na uso wa furaha.

Kuhusu vyuma hivyo vya ngazi, niliandika barua. Nilikitaja kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010, kinachotaka wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya jamaa zao na ya serikali. Mwenye jengo aliisoma akiwa amesimama Emali, akaikunja vizuri, akasema Katiba ilipitishwa Nairobi na ngazi zilijengwa Illasit. Mwisho wa mwezi akapanda mwenyewe kudai kodi ya Konda. Naye ni mtu wa miaka sitini na kitu, na ana goti. Gari likaharibika Isinet. Tulimtolea kiti, Nesi akampima, matokeo yakatangazwa kwa sauti kama ya mtu mwingine yeyote. Wiki iliyofuata fundi wa kuchomelea alifika na vyuma, akaviweka hadi Kimana tu, alikokuwa amefika tajiri wake. Kutoka hapo kwenda juu bado tunapapasa ukuta.

Basi wewe unayejenga Illasit, Kimana au Kitengela, nakuomba: peleka chuma hadi juu, pande zote mbili, kabla hujanunua rangi. Vidato viwe vya kimo kimoja. Mita ziwekwe penye mwanga, usawa wa macho. Na vyumba vya chini wape wenye magoti mabovu, hata kama kodi yake ndiyo kubwa. Tutachanga.