Namna ya Kufikisha Sola Kwamsisi Kabla ya Masika

Ukipata kazi ya kuratibu ugavi wa vifaa vya sola katika wilaya za Korogwe na Handeni, kwanza jifunze kujibu simu ya bosi wa Dar es Salaam. Atauliza, "Mzigo umefika?" Mwambie umefika wapi. Kontena likitoka bandarini, Fuso ikipita Segera, paneli zikishushwa stoo ya Korogwe, bado. Mzigo wa zahanati umefika siku friji ya chanjo inapoanza kupoza. Shikilia hapo hata vikaoni wakuone mbishi, maana nesi anayezalisha usiku kwa tochi ya simu hasaidiwi na ripoti inayosema asilimia 90 ya vifaa vimepokelewa.

Usidanganywe na lami. Mkata hadi Handeni ni kilomita 54, Handeni hadi Korogwe kilomita 65, na gari zima linateleza tu. Mtu wa mipango akitazama ramani anaona kazi imekwisha. Mpeleke Kwamsisi mwezi wa nne, au mpandishe Vugiri na Bungu siku mlima umelowa, ndipo mtaelewana. Masika ni Machi hadi Mei, na meli kutoka China haina haraka. Ikifika, forodha nayo ina utaratibu wake. Basi oda ya kabla ya masika iandike mwisho kabisa Novemba, hata kama kila mtu ofisini anakwambia mvua ziko mbali.

Sasa sikiliza, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fungua maboksi stoo. Usifungulie kijijini. Tandaza seti nzima sakafuni: paneli, chaji kontrola, betri, inveta, nyaya, fyuzi, bolti za fremu, viunganishi vya MC4. Hesabu, kisha mwite fundi atakayekwenda, naye ahesabu. Viunganishi ndivyo hupotea sana, kwa sababu ni vidogo na vinafanana. Utakuta mfuko una dume nne na jike tatu, na hilo jike moja linalokosekana halipatikani dukani kijijini wala gulioni. Fundi aliyepanda Vugiri bila fyuzi atashuka bila kuwasha taa, na nauli ya bodaboda utalipa upya. Kwa hiyo kila seti ipewe mfuko wa akiba wa vitu vidogo. Mhasibu atalalamika kwamba umezidisha manunuzi. Mwekee mezani risiti ya safari moja ya kurudia, anyamaze.

Betri ya asidi iliyokaa stoo ni mbuzi wa kamba: usipomlisha anakonda. Joto la Korogwe linaharakisha mambo. Pita na mita, na betri ya volti 12 iliyoshuka chini ya 12.4 ichajiwe upya kabla sahani za ndani hazijaharibika. Iliyoingia kwanza itoke kwanza. Vibarua wa stoo wafundishe hivyo, na sababu yake uwaambie, maana mtu anayejua sababu hahitaji kusimamiwa.

Kwa bodaboda ongea kwa heshima, lakini usilegeze.

"Usijali bro, hii njia nimeshapita na kitanda."

"Kitanda hakina kioo, mdogo wangu."

Paneli isafiri wima, pembe zimekingwa kwa kadibodi, na asiikalie mtu wala gunia. Ufa wa ndani hauonekani kwa macho siku ile. Utauona baada ya miezi, mama mwenye nyumba akilalamika kwamba taa inazima saa tatu usiku, na yeye bado analipa awamu kwa simu. Naye ana haki ya kukasirika.

Ukifika, salamu kwanza. Shikamoo kwa wazee, habari za mashamba, kisha mwenyekiti wa kijiji aone kilicholetwa. Hati ya mapokezi isitiwe saini mpaka mpokeaji mwenyewe awashe na kuzima.

Huku watu waliishi na nishati jadidifu kabla jina hilo halijasikika. Mtambo wa Hale, megawati 21, ulianza kuzungushwa na maji ya Mto Pangani 1964. Hapo hapo Hale, 2008, kilizinduliwa kituo cha kufua umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge. Kina somo la ugavi. Singa hazifiki asilimia 5 ya uzito wa jani la mkonge. Yote yaliyobaki zamani yalikuwa taka. Malighafi iko jirani kabisa, lakini korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, isiposaga majani, gesi haina chakula. Jua lipo bure Handeni nzima, nalo bila kiunganishi cha MC4 halimwashii mtu taa.

Gari lisirudi tupu. Betri zilizokufa zimejaa vijijini, nyuma ya nyumba, watoto wakizichezea, na wapo wanaozivunja kuyeyusha risasi kwenye moto wa kuni, sumu ikaingia udongoni na kwenye damu ya watoto hao hao. Zikusanye. Zipange wima, zilizopasuka ziweke kwenye beseni la plastiki, dereva avae glavu, kisha zipelekwe kwa mnunuzi mwenye kibali. Nafasi ya betri hizo kwenye Fuso iandike kwenye mpango wa safari tangu mwanzo, kwenye karatasi ile ile ya mzigo wa kwenda.