Paka Aliyelala Hauzwi kwa Kelele

Msyuuu! Jamani, gemu ya paka anayeshinda amelala, aikoni yake inakenua meno ya nini? Macho yamemtoka, cheche zinaruka nyuma ya masikio, mshale mwekundu unaelekeza sijui wapi, na pembeni kibandiko kinametameta kuahidi zawadi. Ukiifungua unamkuta kiumbe mpole wa Mungu, amejikunja juu ya mto, anakoroma. Mtu amekesha miezi akichora manyoya yale na kutafuta sauti ya ule mkoromo, halafu siku ya kuipeleka dukani akaivalisha gemu yake nguo za ugomvi. Inauma, wakuu. Inauma kwa sababu kazi ya ndani ni nzuri.

Tuelewane kwanza tunazungumzia gemu zipi. Ni hizi za kufuga mnyama ambazo hazikudai ukae nazo: unamwekea chakula, unamtupia mpira, unazima simu unakwenda kwenye shughuli zako. Ukirudi, mwenyewe kala, kacheza, kakuachia kitu kidogo cha shukrani. Kwenye Tamagotchi ya Bandai, ile iliyotoka Japani mwaka 1996, mnyama alikuwa anakufa ukimsahau. Hizi za leo zimeondoa hofu hiyo. Anayezitafuta ni mtu aliyechoka, yuko kwenye basi au kitandani, anataka kitu kisichomkaripia. Sasa mtu huyohuyo ndiye unamfokea kwa aikoni?

Najua kuna mmoja hapa ataniambia, "Lakini mzee, kelele ndiyo inayouza." Inauza, nani kakataa? Clash of Clans ilipotoka mwaka 2012, aikoni yake ilikuwa yule shujaa mwenye masharubu ya manjano akipiga ukelele, na ile ni gemu ya kuvamia vijiji vya watu. Uso ulikuwa unasema kweli. Waliokosea ni walioiga. Wakauchukua ule mdomo wazi wakambandika sungura, wakambandika bata. Basi mpenda vita anapakua, anakuta bata anasinzia, anaifuta na kuacha nyota moja na tusi juu. Mpenda bata naye kashapita, hakugusa. Picha moja imekukosesha wote wawili.

Tazameni Neko Atsume, gemu ya kuwakaribisha paka uani, ya kampuni ya Kijapani iitwayo Hit-Point. Ilitoka Oktoba 2014. Aikoni ni uso wa paka mweupe uliojaza kisanduku, mistari michache, basi. Hana upanga, hana cheche. Mwaka mzima wa mwanzo gemu ile ilikuwa kwa Kijapani tupu, Kiingereza kikaongezwa Oktoba 2015, na kabla ya hapo watu wa nchi nyingine wasiojua kusoma hata herufi moja yake walishakuwa wanaicheza. Michoro iliwatosha. Ukiona bakuli tupu na jibwanyenye la paka limekaa pembeni yake, lile wanaloliita Tubbs, huhitaji mkalimani: limekula chote, na wenzake hawakupata kitu. Hiyo ndiyo skrinishoti ya kuweka dukani! Kisa kizima kimo ndani ya picha, na hakuna aliyepandisha sauti.

Halafu kuna jambo la ukubwa, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Mchoraji anafanya kazi kwenye skrini pana, anaona kila unywele. Mnunuzi anaona kitu cha ukubwa wa ukucha. Kwenye duka la Steam, ile picha ndogo wanayoiita kapsuli hupakiwa kwa pikseli 462 kwa 174, na kwenye orodha za dukani inaonyeshwa ndogo zaidi ya hapo, katikati ya nyingine kibao. Mwaka 2024 peke yake Steam ilipokea gemu mpya zaidi ya 18,000. Kwa hiyo, kabla hujafurahia mchoro wako, ushushe mpaka ulingane na kidole gumba, uweke simu mbali kidogo, uangalie kilichobaki. Sharubu zimepotea. Kikombe cha chai kimekuwa doa. Yale maua ya dirishani uliyoyachora siku tatu ni uchafu wa kijani. Kinachobaki ni umbo la mnyama, doa moja la mwanga, na jina. Hivyo vitatu ndivyo vya kuvipigania. Valve wenyewe, wenye Steam, wanashauri jina lijaze karibu kapsuli yote ile ndogo, na mimi naunga mkono: paka asiyeonekana vizuri afadhali apishe, amwachie jina nafasi, yeye atawale kwenye kapsuli kubwa.

Umbo la mnyama lina elimu yake. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika mwaka 1943 kwamba kichwa kikubwa, paji pana, macho makubwa na mashavu ya duara huamsha kwa binadamu moyo wa kulea. Wachoraji wanalijua hilo, ndiyo maana kila kipenzi ana macho ya sahani. Ila mimi nasema, kwa gemu ya utulivu, thubutu kumfumba macho. Mnyama aliyelala anamweleza mnunuzi kwa mkupuo mmoja kwamba hapa hakuna haraka. Mashavu na kichwa vitafanya kazi iliyobaki. Na rangi zisigombane: taa ya manjano ndani, jioni ya buluu nje, mtu anajua pa kupumzisha jicho.

Tena, kama gemu yako inakaa pembeni ya kazi za mtu, onyesha hivyo! Rusty's Retirement ya mwaka 2024 ni shamba linalojiendesha kwenye ukanda wa chini wa skrini ya kompyuta, huku wewe juu yake unaandika ripoti zako. Uzuri wake wote uko hapo. Ukikata ukanda peke yake ukauweka dukani, umeficha sababu ya kununua. Weka na barua pepe juu yake, weka na lahajedwali, mtu ajione ofisini kwake.

Uongo je? Tangu Novemba 2016 Steam inadai skrinishoti ziwe za gemu yenyewe, si michoro ya matangazo, na Valve walikiri kwamba hata ukurasa wa Dota 2, gemu yao wenyewe, ulikuwa na kosa hilo. Tangu Septemba 2022 kapsuli hairuhusiwi kubeba alama za wahakiki, majina ya tuzo wala tangazo la punguzo. Mchoro na jina tu. Uingereza nako, mwaka 2020, msimamizi wa matangazo alizuia matangazo mawili ya gemu za simu Homescapes na Gardenscapes kwa kuonyesha mchezo usiofanana na ule watu wanaoupakua. Sheria hizi wengine wanazilalamikia. Mimi naona zimemwokoa mtu mwenye paka wake mpole, maana wenye mbwembwe wamevuliwa vibandiko na yeye hakuwa navyo.

Ila lililonikaa kooni ni hili la mchoraji kuitwa mwisho. Pesa imeisha, wiki imebaki moja, ndipo anaambiwa, "Tuchoree kitu kizuri cha dukani." Aka! Mtu hajawahi hata kuicheza. Atachora nini kama si paka wa kila mahali? Mpeni gemu mapema, alale nayo, aamke nayo, agundue mwenyewe kwamba yule paka ana mto wa bei lakini analala kwenye boksi lililokuja na mto. Hapo atakuwa na kitu cha kuchora ambacho gemu nyingine haina. Mlipeni inavyostahili, na muombeni faili yenye tabaka zilizotengana, mnyama mbali, chumba mbali, jina mbali, kwa sababu duka linataka kapsuli ya kulala pikseli 920 kwa 430 na ya kusimama 748 kwa 896, na hizo huwezi kuzikata kwenye picha moja iliyogandana bila kumkata paka masikio.