Maji Tele, Upepo Hakuna

Mjomba wangu wa Busia ana Toyota ya kubeba abiria mpaka Tororo, na kwenye buti mitungi ya maji ni mingi kuliko mizigo. Gari likianza kuchemka karibu na Busitema, hakuna anayeshtuka. Abiria wanashuka, na kila mmoja anageuka fundi.

"Ongeza maji, mzee!"

Maji yapo. Upepo ndio hauna pa kupita. Mbele ya rejeta mjomba amefunga taa nne, bamba la "Mungu Mbele" na kipande cha chandarua cha kuzuia wadudu. Kimezuia kiasi chake: kumbikumbi wa mvua zilizopita wamekaukia kwenye mapezi ya rejeta, wakagandishwa na vumbi. Lile boksi la plastiki linaloizunguka feni, ili hewa ivutwe kupitia rejeta badala ya kuzunguka palepale, fundi alilitupa kwa sababu lilimzuia kuingiza mkono. Themostati aliing'oa siku hiyohiyo. "Hizi ni za Ulaya, kwenye baridi," alisema, kwa uhakika wa daktari bingwa.

Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi, maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 96. Kifuniko kizima cha rejeta hubana presha, maji yakavumilia hadi kupita 110. Cha mjomba ni kitambaa na mfuko wa nailoni.

Juzi tukiwa tumekwama kabla ya Namutere, abiria mmoja akamtaja Mkenya Gabriel Nderitu, aliyefunga injini ya Toyota kwenye ndege aliyoijenga nyumbani kwake. Mjomba akachangamka. Angani si kuna upepo wa bure?

Nikamweleza kuwa wajenzi wa ndege wanauogopa huo wa bure. Tundu la kuingizia hewa likiwa kubwa mno, ndege inavutwa nyuma. Na hewa isipopata pa kutokea, haiingii. Miaka ya 1930 Mwingereza Meredith alionyesha kwamba rejeta ikiwekwa ndani ya njia inayotanuka mbele yake na kubana nyuma yake, hewa ikishapata joto hutoka kwa kasi na kufidia sehemu ya ukinzani. Ndege ya kivita ya Mustang ilibeba rejeta yake tumboni kwa mpango huo.

"Hao kumbikumbi," mama mmoja akanikatiza, "ni wa lini?"

Mjomba alikubali kubandua chandarua. Bamba alikataa katakata: abiria wa Tororo, alisema, hawajawahi kupanda gari kwa sababu ya rejeta.